SOMO LA HISTORIA: MJI WA KALE WA MOMBASA, MAWE YAKE, VINYWAJI VYAKE NA MIZIMU YAKE

Mtu wa bara ashukapo Mombasa kwa mara ya kwanza huuliza mambo matatu: Ngome iko wapi, kahawa huuzwa wapi, na je, ni kweli kwamba mji huu una majini? Maswali mawili ya kwanza hujibiwa na mtoto yeyote. La tatu hujibiwa kwa kicheko, au kwa kunong'ona, au kwa kunyamaza. Na anyamazaye mara nyingi ndiye ajuaye zaidi.

Katika somo hili twataka kuonyesha kwamba maswali hayo matatu kwa kweli ni swali moja. Mji wa kale ni kama kitabu chenye kurasa za namna tatu. Kuna kurasa za mawe, yaani majumba, misikiti na ngome. Kuna kurasa za desturi za kila siku, kama vile watu wanywavyo na wakaavyo barazani. Tena kuna kurasa za hadithi. Asomaye mawe peke yake hupata tarehe, lakini hawapati watu. Naye asikilizaye hadithi peke yake huwapata watu, lakini hajui waliishi lini. Yafaa basi tuzisome kurasa zote, kila moja kwa jinsi yake.

I. MITAA NA MAJUMBA

Mombasa ni kisiwa. Mji wa Kale umekaa upande wake wa mashariki, kando ya mkono wa bahari unaokitenga kisiwa na Nyali. Upande wa kusini wa mji imesimama Ngome. Ukiiacha na kwenda kaskazini utafika Bandari ya Kale. Kwa karne nyingi majahazi yaliingia hapo kwa pepo za kaskazi kutoka Uarabuni, Uajemi na Bara Hindi, yakaondoka kwa kusi yakichukua pembe za ndovu, nafaka na boriti za mikoko, na pia, jambo la kuhuzunisha, wanadamu waliofanywa watumwa. Meli kubwa za moshi zilipokuja zilitaka maji ya kina kirefu, nazo ziliyapata upande wa pili wa kisiwa, Kilindini. Ndiyo sababu biashara kubwa ilihamia huko, na Mji wa Kale ukabaki na vichochoro vyake.

Njia iliyo maarufu kupita zote yaitwa Ndia Kuu. Msomaji wa shule atadhani kwamba herufi zimekosewa, kumbe sivyo. Hicho ni Kimvita, lugha ya wenyeji wa Mombasa, ambao husema ndia pale ambapo vitabu vyetu huandika njia. Husema ndaa kwa njaa, na mato kwa macho. Katika mwaka 1928 mkutano uliofanyika papa hapa Mombasa uliamua kwamba Kiunguja ndicho kitakachokuwa msingi wa Kiswahili cha vitabu. Basi mji uliokuwa mwenyeji wa mkutano ndio ambao lugha yake haikuchaguliwa. Lakini jina la njia halikubadilika, na kila apitaye Ndia Kuu hukanyaga kipande cha lugha ya kale.

Mitaa mingine nayo ina majina yenye kufundisha. Baluchi ni ukumbusho wa askari wa Kibaluchi waliotumikia watawala wa Oman na Unguja. Kuna Kibokoni, Kuze, Mkanyageni na Mlango wa Papa, na kila jina lafaa kuulizwa maana yake kwa mzee wa mtaa ule.

Hapa hatuna budi kumwonya mgeni jambo moja. Akiona nyumba yenye roshani ya mbao na mlango wa nakshi, ataambiwa kuwa ni ya miaka mia tano. Sivyo. Mji ni wa kale sana, lakini majumba mengi yaonekanayo leo yalijengwa katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Kilicho kikongwe zaidi ni mahali penyewe, na misikiti michache, kama Msikiti wa Mandhry, ambao hukadiriwa kuwa ulijengwa mnamo mwaka 1570.

Na mji ulikuwako kabla ya hapo. Msafiri Ibn Battuta wa Moroko alifika katika mwaka 1331, akaandika kwamba chakula cha watu wa hapa ni ndizi na samaki, na kwamba misikiti yao ilikuwa ya mbao, iliyojengwa kwa ustadi. Wenyeji nao wana habari zao. Husimulia kwamba zamani mji uliitwa Kongowea, na mtawala wake alikuwa mwanamke, Mwana Mkisi. Kisha akaja Shehe Mvita, naye akaanzisha ukoo mwingine wa utawala na mji wa Kiislamu. Wapo wasemao kuwa jina la Mvita latokana na yeye, na wapo wasemao kuwa latokana na vita. Atakayesoma sehemu ifuatayo ataona kuwa maana zote mbili zaufaa mji huu.

II. NGOME NA WALIOKUFA NDANI YAKE

Vasco da Gama alifika Mombasa mwezi wa Aprili 1498. Miaka saba baadaye, mwaka 1505, Wareno waliuteka mji na kuuchoma moto. Katika mwaka 1593 walianza kujenga Ngome ya Yesu juu ya mwamba wa matumbawe mdomoni mwa bandari. Ramani yake ilichorwa na fundi wa Kiitalia, Giovanni Battista Cairati, aliyekuwa akiwatumikia.

Katika habari nyingi za Ngome hii, mbili zatosha kwa somo letu.

Ya kwanza ni habari ya Yusuf bin Hasan. Baba yake, Sultani wa Mombasa, aliuawa kwa hila za Wareno, naye mtoto akapelekwa Goa katika Bara Hindi. Huko akalelewa na mapadre, akabatizwa, akapewa jina la Jerónimo, kisha akarudishwa Mombasa awe mfalme chini ya Wareno. Lakini habari zikamfikia kapteni wa Ngome ya kuwa mfalme huyu huenda kwenye kaburi la baba yake na kuomba dua kwa jinsi ya Kiislamu. Yusuf alipotambua kwamba siri yake imejulikana, hakungoja kukamatwa. Mwezi wa Agosti 1631 aliingia Ngomeni na watu wake, akamwua kapteni, na Wareno waliokuwa mjini wakauawa pia. Mwaka uliofuata aliondoka kwa jahazi, wala hakutawala Mombasa tena. Tazama basi: vita vile viliwaka penye kaburi. Mwana hakuweza kumsahau baba, na maiti aliyelala kimya aliweza kuliko mizinga.

Ya pili ni habari ya mazingiwa makuu. Mwezi wa Machi 1696 majeshi ya Oman yaliizingira Ngome. Ndani walikuwamo Wareno wachache, pamoja na Waswahili waliokuwa upande wao na watu wengine wa Afrika, wake kwa waume. Wengi waliouawa humo hawakuuawa na risasi bali na maradhi. Katikati ya mwaka 1697 askari wa Kireno walikuwa wamekwisha karibu wote. Ndipo Bwana Daud wa Faza, pamoja na jamaa zake wachache na Waafrika wachache ambao wengi wao walikuwa wanawake, alipozilinda kuta mpaka meli za msaada zikafika. Moja ya meli za Kireno, Santo Antonio de Tanna, ilizama mbele ya Ngome mwaka uo huo, na mabaki yake yalichunguzwa na wapiga mbizi wataalamu katika miaka ya 1970. Ngome ilianguka mwezi wa Desemba 1698. Mazingiwa yalikuwa yamedumu karibu miaka mitatu.

Baadaye Ngome ilikaliwa na maliwali wa Oman, wakiwamo Wamazrui, na tangu mwaka 1895 ikafanywa jela. Wafungwa waliondolewa mwaka 1958, nayo ikafunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1960. Katika mwaka 2011 iliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia.

Mtu akikuambia kwamba hapendi kupita kando ya kuta hizo usiku, usimcheke upesi. Huenda hajui hata tarehe moja katika hizi tulizoziandika. Lakini bibi yake alimwambia kwamba mahali pale walikufa watu wengi, tena vibaya. Na bibi yake alisema kweli.

III. VINYWAJI VYA MJI

Kinywaji cha kwanza cha mji wowote ni maji. Ibn Battuta aliona kwamba penye milango ya misikiti ya Mombasa palikuwa na visima vifupi, watu wakiteka maji kwa chombo cha mti chenye mpini na kuosha miguu kabla ya kuingia. Kisiwa hakina mto, na kwa muda mrefu visima ndivyo vilivyokuwa uhai wa mji. Katika miaka ya 1950 bomba kubwa lilileta maji kutoka chemchemi za Mzima, mbali sana huko Tsavo. Lakini visima vya zamani vingali vimo katika nyua na misikiti, navyo vina heshima yake. Mtoto hukatazwa kuchungulia kisimani wakati wa magharibi, akiambiwa kwamba kuna mwenyewe. Mama aliyetunga onyo hilo, hata kama hakumwona mwenyewe wa kisima, aliwaokoa watoto wengi wasitumbukie.

Kinywaji cha pili ni kahawa. Watu wa bara tumezoea kuihesabu kahawa kuwa zao la kuuzwa ng'ambo. Watu wa Mji wa Kale huihesabu kuwa mazungumzo. Hupikwa bila maziwa wala sukari, mara nyingi kwa tangawizi, katika chombo cha shaba au bati kiitwacho dele, ambacho hukaa juu ya makaa ili isipoe. Muuzaji hutembea akigonganisha vikombe vidogo visivyo na mkono, na mlio ule ndio tangazo lake. Kwa kuwa kahawa ni chungu, huliwa pamoja na tende, halua au kashata.

Desturi hii ilivuka bahari kutoka Yemen. Huko, katika karne ya 15, masufi waliinywa ili wasishikwe na usingizi katika ibada za usiku. Kwa hiyo kahawa tangu mwanzo wake ni kinywaji cha kukesha, na akeshaye hana budi kuzungumza. Baada ya sala ya Isha wazee huketi juu ya baraza, yaani kile kiti kirefu cha mawe kilichojengwa mbele ya nyumba, na vikombe huzunguka. Kwanza husemwa habari za bei; kisha za siasa; kisha za maradhi na misiba. Usiku ukikua, na makaa yakianza kufifia, ndipo hadithi za majini huanza. Atakaye kuzisikia na anunue kahawa, aketi, asiwe na haraka.

Kinywaji cha tatu ni maji ya matunda. Ukwaju hulowekwa, hukamuliwa na kutiwa sukari, nao ni dawa ya joto la Februari. Madafu huuzwa njiani, na hapa mtu wa bara ana jambo la kujifunza, maana yeye huita kila kitu nazi. Tunda la mnazi huanza likiwa kidaka; likikua kidogo huwa kitale; likijaa maji matamu huwa dafu; nyama yake ikianza kuwa ngumu huwa koroma; na likikomaa ndipo liitwapo nazi. Ukimwomba muuzaji nazi ya kunywa atakucheka, na atakuwa na haki.

Kinywaji cha nne hakinywewi barazani kwa Waislamu, lakini hatuwezi kukiacha: ni tembo la mnazi. Mgema hupanda mnazi asubuhi na jioni, akakata kilele cha kole na kukinga utomvu. Siku ya kwanza tembo ni tamu. Likikaa huwa kali. Likizidi kukaa huwa siki. Kila mwanafunzi ajua methali isemayo kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Lakini ni wachache wajuao kwamba kwa majirani wa Mombasa, yaani Wamijikenda, tembo si kinywaji cha walio hai tu. Mzee wa Kigiriama humimina kidogo chini kwa ajili ya koma, ndio roho za wazazi waliokufa, kabla ya yeye mwenyewe kunywa. Hapo twaona jinsi kikombe na kaburi vinavyokutana.

IV. TOFAUTI YA JINI, PEPO NA MZIMU

Mwandishi wa somo hili, alipokuwa mgeni katika kazi ya kutafsiri, alipewa karatasi iliyohusu imani za watu wa pwani. Katika Kiingereza neno lilikuwa moja tu tangu mwanzo hata mwisho, naye kwa kufuata mafundisho ya shule aliandika "shetani" kila mahali. Karatasi ilichapwa. Baadaye kidogo alipokuwa Mombasa, aliitwa na mzee mmoja aliyekuwa ameketi barazani, na karatasi ile iko mkononi mwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiwe uliyeandika haya?"

"Ndimi, mzee."

"Basi keti unywe kahawa, maana umewatia jela moja watu wasiojuana. Jini ana dini yake. Pepo ana kiti chake. Mzimu ana watoto wake. Ukiwaita wote shetani, mwanangu, utamtukana babu yangu bila kujua."

Mwandishi aliona haya, lakini hakusahau. Yafuatayo ni baadhi ya maneno aliyofundishwa usiku ule, nayo yafaa kila mtu ayajue:

Jini ni kiumbe ambaye Waislamu huamini kwamba aliumbwa kwa moto, na hawi mtu aliyekufa. Wapo majini wema na wabaya, wenye dini na wasio na dini.

Pepo ni roho impandayo mtu. Mtu apandwaye huitwa kiti, na kazi ya kumtuliza pepo huitwa kupunga.

Mzimu ni roho ya mzazi au mkubwa aliyekufa. Mahali pa kumkumbuka na kumwomba huitwa mzimuni, napo mara nyingi huwa chini ya mbuyu, au pangoni, au penye magofu.

Kibwengo ni roho mbaya ikaayo karibu na bahari.

Zimwi ni wa hadithi za watoto. Halina mtaa wala anwani.

Mzuka ni kitu kizukacho ghafula na kutoweka. Neno lenyewe latokana na kuzuka.

Tukiisha kujua majina, twaweza kuzipima hadithi. Mzee yule alitufundisha kuuliza maswali matatu kwa kila hadithi: Ni mahali gani? Ni jambo gani linalokatazwa? Ni nani anayekumbukwa?

Tuchukue hadithi ambayo wengi wameisikia. Kijana atembea usiku, akutana na mwanamke mzuri mno, amevaa vizuri na kunukia marashi. Wafuatana wakizungumza. Kijana akitazama chini, kumbe miguu si ya mtu bali ni kwato. Akimbia, akutana na mtu mwingine, amweleza aliyoyaona. Mtu yule auliza, "Kwato zenyewe zilikuwa kama hizi?" naye aonyesha miguu yake.

Ni hadithi nzuri, na hutisha. Lakini iulize maswali matatu. Mahali gani? Popote, akiisimulia mtu wa Unguja, yametokea Unguja, na akiisimulia mtu wa Dar es Salaam, yametokea huko. Jambo gani linalokatazwa? Kijana asirande usiku na kufuata uzuri asioujua asili yake. Nani anayekumbukwa? Hakuna. Hiyo basi ni hadithi ya mafunzo. Mtu aweza kuifurahia na kuishika maana yake, lakini asiandike kuwa ni historia ya Mombasa.

V. MNARA WA MBARAKI

Sasa tuchukue hadithi ya namna ya pili. Upande wa pili wa kisiwa, mbali na Mji wa Kale, katika Mbaraki, pana mnara wa mawe ya matumbawe ulio wazi ndani, na kando yake pana msikiti. Wataalamu wa mambo ya kale waliochimba hapo walionyesha kwamba msikiti wa kwanza ulikuwa wa karne ya 15, kisha ukaachwa ukawa gofu. Mnara wenyewe hukadiriwa kuwa ulijengwa mnamo mwaka 1700, yaani baada ya msikiti ule kuachwa. Wapo wasemao kwamba ni kaburi la shehe wa Wachangamwe, mojawapo ya Mataifa Kumi na Mawili ya Mombasa. Na watu kwa vizazi vingi wameamini kwamba ndani yake hukaa pepo mwenye nguvu. Walimletea ubani na marashi ya waridi, wakamwomba awape watoto, mvua au afya.

Tuulize maswali yetu. Mahali gani? Papo hapo, wala si pengine. Jambo gani linalokatazwa? Kupachezea na kupavunjia heshima. Nani anayekumbukwa? Huenda ni shehe aliyesahauliwa jina lake, huenda ni jamaa waliosali pale kabla ya kuhama. Hii ni hadithi yenye anwani, na hadithi yenye anwani yastahili kuchunguzwa.

Wanazuoni wa Kiislamu hawakubali sadaka zitolewazo kwa pepo, na mapadre waliotusomesha sisi hawakuzikubali pia. Somo hili halikusudii kumwambia msomaji aamini nini. Lakini tukubali jambo moja lililo wazi. Katika kisiwa ambacho majumba ya karne ile yamekwisha karibu yote, mawe yake yakichukuliwa kujengea mengine, mnara ule ulisalia. Kwa maoni yetu, woga wa watu na heshima yao vilikuwa ulinzi mkubwa kwake miaka mingi kabla ya sheria yoyote ya kulinda mambo ya kale. Siku hizi msikiti ulio kando yake umejengwa upya, na watu wasali humo.

Ushahidi wa namna hiyo hiyo waonekana ng'ambo ya kisiwa. Wamijikenda waliishi zamani katika vijiji vilivyozungukwa na misitu, viitwavyo kaya. Walipohama, waliyaacha makaburi na vitu vyao vitakatifu ndani, na mwiko ukawekwa: mtu asikate mti ovyo. Mashamba yakaenea pande zote, lakini misitu ile ikabaki, na mwaka 2008 baadhi yake iliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Na tazama yatokeayo mwiko unapovunjwa. Vigango, zile nguzo za mbao zichongwazo kwa ukumbusho wa wazee waliokufa, vimeibwa kwa wingi na kuuzwa ng'ambo kama mapambo. Baadhi vimerudishwa katika miaka ya karibuni, lakini si rahisi kujua kila kimoja kilikuwa cha mzee gani. Mwizi alichukua mbao. Jina alilipoteza njiani.

VI. KAZI YA MSOMAJI

Mji wa Kale wa Mombasa umewekwa chini ya ulinzi wa sheria. Hata hivyo sheria hulinda mlango na roshani. Haiwezi kulinda maneno. Nyumba ikianguka, fundi aweza kuijenga tena kwa picha. Mzee akifa na habari za kisima, za kaburi na za mnara, hapana picha yake.

Kwa hiyo twamshauri msomaji, awe wa Mombasa au wa mji mwingine wowote, afanye hivi. Achague mahali pamoja tu: kisima, mbuyu, kaburi au nyumba ambayo watu huiogopa. Aende kwa mzee wa mtaa, amwamkie kwa adabu, aketi, wala asitoe kalamu kabla ya kahawa kuisha. Aulize yale maswali matatu. Aandike maneno kama yalivyosemwa, pamoja na jina la mahali kama wenyeji walitamkavyo, hata kama vitabu huliandika vingine. Kisha, mbali na maneno ya mzee, aandike aliyoyasoma katika vitabu, wala asiyachanganye. Asiongeze chumvi ili hadithi ipendeze, wala asipunguze kwa kuona haya.

Yule mzee aliyetusahihisha barazani alituuliza swali moja kabla hatujaagana: "Je, kwenu bara hamna mizimu?" Tulimjibu kwamba iko, lakini tulipokuwa shuleni tulifundishwa kutoitaja. Akamimina kikombe cha mwisho, akasema, "Basi nenda ukawaulize wazee wako, kabla hawajawa mizimu wao wenyewe."

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini biashara ya meli kubwa ilihama kutoka Bandari ya Kale kwenda Kilindini?

2. Kaburi la baba yake Yusuf bin Hasan lilihusianaje na vita vya mwaka 1631?

3. Taja kwa utaratibu majina matano ya tunda la mnazi tangu linapoanza mpaka linapokomaa.

4. Eleza tofauti ya jini, pepo na mzimu, kila mmoja kwa sentensi moja.

5. Chagua hadithi moja ya kwenu, uiulize yale maswali matatu. Je, ni hadithi ya mafunzo, au ni hadithi yenye anwani?